Bima ya safari kwa wenye saratani: rahisi ghali

SOKO la bima ya safari katika Afrika Mashariki limezoea kuuza karatasi ya visa. Mteja anaingia ofisini kwa wakala, anataja nchi anayokwenda na idadi ya siku, analipa, na baada ya dakika chache anatoka na hati mkononi. Mara nyingi hakuna anayemuuliza kama amewahi kuugua.

Kwa kijana mwenye afya njema, biashara ya namna hiyo haina ubaya mkubwa. Kwa mtu anayetibiwa saratani, au aliyemaliza tiba mwaka jana na sasa anataka kwenda kupumzika au kuwaona wajukuu Ulaya, hiyo ni hasara inayosubiri siku yake.

Chanzo cha mazoea haya kinajulikana. Kanuni ya Visa ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, inamtaka mwombaji wa visa ya muda mfupi ya Schengen awe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa kukaa kwake. Bima hiyo inatakiwa kugharimia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya, au kifo.

Ofisa wa ubalozi anaangalia kiasi, tarehe na nchi. Vikikamilika, ameridhika. Si kazi yake kupima kama hati hiyo itamlipia mwombaji huyo kwa ugonjwa alionao.

Lakini ndani ya hati, mara nyingi katika kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, mna sharti kwamba kampuni haitalipa gharama zitokanazo na ugonjwa ambao mteja alikuwa nao kabla ya kukata bima. Hapo ndipo Euro 30,000 zinapogeuka sifuri kwa mgonjwa wa saratani, ilhali ameilipia ada ileile anayolipa mtu mzima wa afya.

Ubaya wa sharti hilo ni kwamba linafika mbali kuliko mteja anavyodhani. Wengi hufikiri maana yake ni kuwa hawatalipiwa dawa za saratani tu, na hilo wanalikubali kwa kuwa hawaendi kutibiwa.

Mfano wa kufikirika utaonyesha jambo lenyewe. Mama wa miaka 58 mwenye duka Kariakoo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, akapata kemotherapia na mionzi, na sasa anameza kidonge cha tamoxifen kila siku. Anakwenda kumwona binti yake Hamburg kwa wiki 3. Akiteleza ngazini akavunjika mkono, bima yake italipa bila maneno mengi.

Lakini mguu ukimvimba siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege, na hospitali ikakuta damu imeganda kwenye mshipa, mambo yanabadilika. Saratani huongeza hatari ya damu kuganda, tamoxifen nayo huongeza, na kukaa kwenye kiti cha ndege kwa saa nyingi kunazidisha. Kampuni itaomba faili lake la hospitali, na ikishalisoma itakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Hali ni hiyohiyo kwa aliye katikati ya kemotherapia. Dawa hizo hushusha chembe nyeupe za damu, na kwa dawa nyingi siku za hatari zaidi huwa kati ya ya 7 na ya 14 baada ya kuchomwa. Homa inayofika nyuzi 38 kwa mtu huyo si malaria ya kungojea kesho. Ni dharura ya kulazwa. Bili ya kulazwa huko itahesabiwa kuwa imetokana na saratani, hata kama kilichomlaza ni kichomi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika biashara ya bima, anayeumbua ni faili la hospitali, na linatolewa siku ambayo familia iko ugenini na haina pa kukopa.

BEI INAVYOPANGWA

Kampuni zinazokataa kabisa kumsikiliza mteja mwenye saratani hutoa hoja moja: kwamba hatari ni kubwa mno na haina kipimo. Hoja hiyo haina uzito wote zinayoupa, kwa sababu saratani si bidhaa ya aina moja.

Mtu aliyeondolewa uvimbe mdogo miaka 5 iliyopita na anayekwenda kliniki mara moja kwa mwaka hafanani na aliyechomwa dawa wiki iliyopita. Na huyo wa pili hafanani na yule ambaye ugonjwa umesambaa kwenye mapafu. Kuwaweka wote kwenye kapu moja la "hawakatiwi bima" ni sawa na mfanyabiashara wa kahawa anayekataa kununua magunia yote kwa kuwa baadhi yana punje mbovu.

Pale ambapo soko limekomaa, bei hupanda au kushuka kwa mambo yanayoeleweka: aina ya saratani, imefika wapi, tiba ya mwisho ilikuwa lini, mteja amelazwa mara ngapi karibuni, umri wake, siku za safari na nchi anayokwenda.

Nchi ndiyo inayoshtua wengi. Marekani hugharimu zaidi kwa sababu bili za hospitali zake ni kubwa, ndiyo maana kampuni nyingi huuza bima za aina mbili, moja ya dunia nzima na nyingine ya dunia nzima bila Marekani na Kanada. Mteja mwenye saratani anayeweza kuchagua kati ya kupumzika Florida na kupumzika Ureno ataona tofauti ya bei kabla hata ya kununua tiketi.

Kuna pia kiasi cha kwanza ambacho mteja hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Anayekubali kiasi kikubwa hupunguziwa ada. Hilo ni jambo la hesabu, nalo linafaa kwa mwenye akiba. Kwa asiye na akiba ni mtego.

UINGEREZA WALIVYOFANYA

Uingereza haina soko lisilo na kasoro. Wagonjwa wengi wa saratani huko wamelalamikia bei, na wapo wanaokataliwa. Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo wenye kampuni wa Dar es Salaam na Nairobi wangefaidika kuyatazama.

La kwanza ni maswali. Huko mteja huulizwa juu ya afya yake kabla ya kuuziwa, kwa simu au kwa fomu, na majibu yake ndiyo yanayotoa bei. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi iliondoa mzigo wa mteja kubahatisha kampuni ingependa kujua nini. Wajibu wake ni kujibu maswali kwa uangalifu unaostahili. Kampuni isipouliza, haiwezi kulalamika baadaye kwamba haikuambiwa.

Sheria hiyo pia imetenganisha mwongo na aliyekosea. Aliyedanganya kwa makusudi anaweza kunyimwa kila kitu. Aliyekosea kwa uzembe tu huhesabiwa kwa uwiano. Kwa mfano wa hesabu, kama angestahili kutozwa pauni 200 na akatozwa 100 kwa sababu ya kosa lake, kampuni yaweza kulipa nusu ya dai. Nusu ya bili ni afadhali kuliko barua ya kukataliwa.

La pili ni kuelekezwa kwingine. Tangu Aprili 2021, Mamlaka ya Mwenendo wa Fedha ya Uingereza, FCA, imezitaka kampuni zinazomkataa mteja kwa sababu ya ugonjwa, au zinazoondoa ugonjwa huo kwenye bima, zimwonyeshe orodha ya kampuni zinazohudumia wenye maradhi makubwa. Sharti hilo lilipoanza, lilimhusu pia mteja aliyeongezewa ada kwa pauni 100 au zaidi kwa ajili ya ugonjwa. Yaani kampuni ikishindwa biashara, inamwambia mteja mlango wa jirani uko wapi.

La tatu ni sababu ya bei. Chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, mwenye saratani hulindwa kama mtu mwenye ulemavu tangu siku alipogunduliwa. Kampuni ya bima inaweza kumtoza tofauti, lakini kwa kutegemea taarifa za kuaminika zinazohusu hatari yenyewe, na kwa kiasi kinachoingia akilini. Hofu peke yake haitoshi.

Wapo watakaosema Uingereza ni soko kubwa na Afrika Mashariki ni dogo. Ni kweli. Lakini kuuliza maswali 10 hakuhitaji soko kubwa, na kuandika masharti kwa Kiswahili kinachosomeka hakuhitaji mtaji. Kwa hatari kubwa zipo kampuni za bima mtawanyo, ambazo kazi yake ni kubeba sehemu ya mzigo huo.

Tena soko hili si geni kwa mabadiliko. Tanzania Bara ilikuwa na shirika moja tu la bima, NIC, kwa takriban miaka 30 baada ya 1967, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Ushindani uliletwa ili mteja achague. Kampuni zote zikiuza karatasi ileile yenye sharti lilelile, kilichobaki kuchagua ni rangi ya nembo.

MAPATO YANAYOPOTEA

Suala hili linagusa pia mapato ya utalii. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar imemtaka kila mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya lazima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, inayodumu hadi siku 92, hata kama amekuja na bima ya kwao.

Mtalii aliyepona saratani atauliza swali moja tu: je, bima hiyo inamlinda kwa ugonjwa aliowahi kuugua, au abaki na ile ya kwao kwa ajili hiyo? Hoteli au wakala wa utalii anayeweza kumjibu kwa maandishi atampata mgeni huyo. Anayejibu "usijali" atampoteza, na pengine atampoteza pamoja na familia nzima.

Vilevile wapo Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza wanaotamani kurudi kupumzika nyumbani baada ya tiba. Kadi ya afya ya GHIC wanayopewa huko haitumiki Tanzania wala Kenya. Bila bima iliyopangwa vizuri, wengi huahirisha safari mwaka hata mwaka, na fedha ambazo zingetumika Moshi au Mombasa hubaki London.

Wanaokwenda Uingereza nao wana hesabu yao. Visa ya matembezi ya huko haidai bima, na wengi huona hiyo ni nafuu. Lakini mgeni asiye na msamaha akilazwa katika hospitali za umma za England hutozwa asilimia 150 ya gharama. Akiba ya ada ndogo ya bima humezwa na usiku mmoja wodini.

Kwa safari za ndani ya kanda, wengi hutegemea uanachama wa ndege za wagonjwa kama zile za AMREF, huduma iliyoanza mwaka 1957. Ni kitu kizuri kwa aliyeko mbugani Serengeti. Hata hivyo ndege humfikisha mgonjwa hospitali tu. Hailipi bili ya hospitali, na asiyeelewa tofauti hiyo hujikuta amenunua nusu ya alichohitaji.

MAMBO YASIYOLIPWA

Wakala mwaminifu ana mambo mengine ya kumweleza mteja kabla ya kupokea fedha yake.

Kwanza, safari yenyewe ikiwa ni ya kwenda kutibiwa, kama zile za India, bima ya kawaida ya safari haiigharimii tiba hiyo. Hiyo ni biashara ya aina nyingine na visa yake ni nyingine.

Pili, anayesafiri kinyume cha ushauri wa daktari wake amejivua bima. Barua ya daktari inayosema kuwa anafaa kusafiri, ikitaja tarehe, tiba na dawa, ina thamani kuliko ada iliyolipwa. Mashirika ya ndege nayo yanaweza kumtaka aliyetoka kwenye upasuaji karibuni ajaze fomu ya MEDIF kabla ya kupanda.

Tatu, anayeahirisha safari kwa sababu ya ndugu aliyebaki nyumbani anaweza asilipwe pia. Mwana akikata bima ya mapumziko huku akijua baba yake anaugua saratani, kisha hali ya baba ikawa mbaya na safari ikavunjika, kampuni nyingi zitasema ugonjwa huo ulijulikana. Hapa asiyeumwa ndiye anayepoteza tiketi.

Nne, ulinzi wa kuvunjika kwa safari huanza tangu bima inapokatwa, ilimradi hati yenyewe ina kipengele hicho. Kuacha bima mpaka siku ya mwisho ni kutembea miezi 2 bila mwavuli. Mwenye saratani apate kwanza neno la daktari na bei ya bima, ndipo alipie tiketi, na bima aikate siku hiyohiyo. Hali ikibadilika kabla ya kuondoka, kampuni iambiwe.

Tano, zipo gharama ambazo hakuna bima inayozitazama. Tanzania hudai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwa mojawapo. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo hapewi mtu aliye kwenye kemotherapia. Aliyechanjwa zamani hana shida, maana tangu Julai 2016 cheti kimekuwa cha maisha. Asiyechanjwa atahitaji cheti cha msamaha kutoka kwa daktari, na uamuzi wa kukikubali ni wa maofisa wa mpakani.

Kadhalika morfini. Kwa mgonjwa ni dawa ya maumivu, lakini katika viwanja vya ndege vya nchi nyingi ni dawa ya kulevya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka kibali cha mapema kwa dawa za namna hiyo. Anayebadilisha ndege na kutoka nje ya uwanja Dubai bila karatasi anajitafutia balaa, na tiketi aliyoikosa hakuna atakayemrudishia.

KINACHOTAKIWA

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na mwenzake wa Kenya, IRA, wanaweza kuanza na jambo dogo: kila hati ya bima ya safari iandikwe katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kawaida, kama inalipia ugonjwa uliokuwepo kabla au hailipii. Mstari mmoja unatosha. Mteja atie saini chini yake.

Kampuni zenyewe zinaweza kufanya zaidi bila kusubiri amri. Zitenge bidhaa kwa waliomaliza tiba, zitoe bei kwa walio imara, na ziwaambie wazi walio katikati ya tiba kwamba watalindwa kwa ajali na mizigo tu. Ada itapanda, na mteja atalalamika. Lakini atajua ananunua nini, na wapo watakaolipa. Wagonjwa wengi zaidi wanapona sasa kuliko miaka ya nyuma, wana watoto ughaibuni, na wana fedha ya tiketi.

Mteja naye ana sehemu yake. Kunyamaza ili aipate bima rahisi ni kununua kitu ambacho hakitatumika. Aseme ugonjwa wake, adai jibu kwa maandishi, na akiambiwa saratani imeondolewa kwenye bima, aulize kama damu kuganda na maambukizi navyo vimeondolewa. Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha thamani ya hati anayoinunua.

Yule mama wa Kariakoo haombi hisani. Amezoea kupanga bei ya bidhaa yenye hatari, na anajua kwamba mzigo dhaifu hulipiwa zaidi. Anachokitaka ni kile anachowapa wateja wake kila siku dukani: bei iliyotajwa mbele, kwa kitu kinachojulikana.